Alama Iliyokuwa Begani kwa Khamis

Bagamoyo
Jumapili, 21 Januari 2024

Mpendwa Mjomba Bwanaheri,

Shikamoo. Natumaini u mzima na baridi ya huko haijakumaliza. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Bibi mguu unamsumbua bado, lakini ulimi haujambo kabisa, na juzi amemgombeza fundi wa paa mpaka mtu wa watu akashuka ngazi kabla hajamaliza kazi. Mama anakusalimu sana na anasema usimletee tena viatu vya plastiki, vinamchubua. Mimi nashukuru Mungu. Maharusi ni wengi msimu huu, nachora mikono na miguu ya watu tangu asubuhi mpaka alasiri, na chakula changu chote kinanuka piko.

Usishangae kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. WhatsApp yako huko haishiki, na ile programu ya Wachina iko kwenye simu ya Bibi peke yake, naye huiweka sauti ya juu sebuleni, ukikohoa Guangzhou majirani wanasema pole. Ninachotaka kukuuliza si cha sebuleni. Nimempa barua Kuruthumu wa duka la vyombo, anakuja kuchukua mzigo, na nimeifunga bahasha kwa gundi ya kubandikia kucha ili asipate kishawishi njiani.

Mjomba, unaikumbuka ile alama ya Kichina aliyokuwa nayo marehemu kaka yangu Khamis, kwenye bega la kushoto? Nauliza tu kwa adabu, maana najua unaikumbuka. Wewe ni mmoja wa waliomwosha. Nimekuchorea ukurasa wa pili, kubwa, kama ilivyokuwa: juu vijiti viwili kama pembe za mbuzi, katikati mistari, chini kijisanduku chenye mstari ndani yake. Nimeitoa kwenye picha aliyopiga akiwa na singlendi, na mkono wangu unaujua, sikukosea hata nukta.

Nataka kuchorwa alama hiyo hiyo, begani hapo hapo. Sisemi piko ya wiki mbili. Nasema tatuu ya sindano, ya kudumu. Yuko fundi Sinza, kazi yake safi, na nimeshamwambia tarehe ishirini na saba Julai, siku aliyozaliwa Khamis.

Tangu lori lake lilipopinduka pale Vigwaza, kila kitu chake kimeondoka. Nguo tumezitoa sadaka, simu ilisagika, hata ile kofia yake ya kuendeshea gari sijui nani kaichukua. Nilichobaki nacho ni alama na maana yake, navyo viko kichwani mwangu tu, na mimi kichwa changu nakijua, husahau.

Ila unajua kazi yangu. Sijapata kumchora mtu kitu nisichokijua. Mwaka juzi aliletwa biharusi ana picha ya maandishi ya Kihindi, anayataka kiganjani, eti ni dua ya mapenzi. Nilikataa mpaka tukampelekea Mhindi wa duka la vitambaa ayasome. Ilikuwa karatasi ya sabuni ya kufulia. Sasa kama nilimwonea huruma mtu baki, bega langu mwenyewe nilipe nini?

Kwa hiyo naomba tafsiri ya kweli. Wewe una miaka tisa huko. Khamis aliniambia maana yake, lakini sikwambii alisema nini. Si kwamba sikuamini. Ni kwamba mtu akishajua jibu unalolitaka, hukupa hilo hilo upate kufurahi.

Mpwa wako,
Najma


Guangzhou
3 Machi 2024

Mpwa wangu mpenzi Najma,

Marahaba, marahaba sana mwanangu. Barua yako nimeipata mkononi mwa Kuruthumu, ingawa ilinibidi kutafuta mkasi, gundi hiyo ingefaa kwenye meli. Mimi ni mzima wa afya. Kuruthumu naye alifika salama, ila alipotea kwenye treni ya chini ya ardhi saa mbili nzima na masanduku yake matatu, tukaja kumkuta amekaa juu ya moja anakula karanga, hana habari.

Huku baridi imeondoka, umeingia unyevu. Huwezi kuamini nikikueleza. Kuta za nyumba zinatoka jasho. Unaamka asubuhi, sakafu imelowa kama mtu kapiga deki, kioo hakioneshi sura, shati ulilolifua Jumatatu Ijumaa bado bichi. Wenyeji wanafunga madirisha wanasubiri unyevu upite. Mimi nimetandaza magazeti chumba kizima, natembea juu yake kama kuku. Mambo ya mzigo yanaendelea. Makontena ya kuchangia yamechelewa, kila mtu analalamika, nami nalalamika pamoja nao nisionekane tofauti.

Mwambie Mama mguu asiukalie kitako, autembeze kidogo kidogo. Nimempa Kuruthumu dawa ya kuchua, ile yenye kichwa cha simba. Mwambie Dada Hafidha kuhusu viatu nimesikia, naomba radhi, safari hii nimeleta vitambaa.

Ama lile uliloniuliza, nimeliona. Maandishi ya Kichina, mwanangu, si kama haya yetu. Moja peke yake linaweza kuwa na mambo mengi ndani yake, na mwenye haraka hupotea. Nitawauliza wenye elimu. Wakati huo huo nikukumbushe kama mzazi wako: kuchora ngozi kwa sindano ni haramu, hilo halina mjadala, na ngozi tumepewa kwa amana. Vigwaza ilitutoa roho sote, si wewe peke yako. Lakini huzuni haiishi kwa kuchanjwa.

Na nikuulize kidogo. Marehemu alikwambia alama hiyo kaipata wapi? Yaani nani aliyempa? Nauliza tu, inaweza kunisaidia katika kutafuta.

Nawatakia Ramadhani njema. Mkila futari ya mihogo mnikumbuke.

Mjomba wako,
Bwanaheri


Bagamoyo
Alhamisi, 18 Aprili 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na Idi njema iliyopita. Sisi tumefunga salama na tumefungua salama. Dawa ya simba imemfaa Bibi kiasi kwamba siku ya Idi alitoka kwa miguu yake kwenda kwa jirani kuangalia kama biriani yao imeizidi yetu. Anasema haikuizidi. Vitambaa Mama amevipenda, kashona kimoja tayari, kingine anakificha.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ni nzuri, Mjomba, una kipaji. Kurasa nne. Jasho la kuta ukurasa mzima, alama yangu mistari sita. Nikajisemea huyu mtu ana shughuli, wacha nimsaidie, nikaanza kutafuta mwenyewe.

Kwanza nilijaribu simu. Unapiga picha, inakutafsiria. Mara ya kwanza ikaniambia "kwa wote". Nikapiga tena kwenye mwanga mzuri, ikaniambia "jumla". Mara ya tatu ikaniletea jina la mtu. Nikaona hii inapapasa kama mganga asiyejua mgonjwa anaumwa wapi, nikaizima.

Halafu nikamwendea Mchina. Wapo wanaojenga barabara kule mbele ya Kaole, na mmoja, msimamizi, hununua maji ya madafu kwa mwanamke ninayemchora hina. Nikaenda na karatasi yangu. Akaishika, akaitazama, akaigeuza, akanitazama mimi. Akacheka. Hakuwa na Kiswahili zaidi ya "bei gani" na "kesho", nami Kichina sina hata hicho cha kesho. Akanyoosha kidole kwenye stoo yao ya mabati, kwenye maboksi, akasema neno moja mara nyingi nyingi. Nilidhani ananiambia nikanunue kitu. Nikamshukuru nikaondoka, lakini kicheko chake kimenikaa. Hakikuwa cha dharau. Kilikuwa cha mtu aliyeona kitu mahali ambapo si pake.

Sasa unaona ninavyohitaji mtu wa kwetu anayejua vya kwao.

Umeuliza nani aliyempa Khamis alama ile. Alisema alipewa na "mtu anayeijua China". Hakutaja jina. Mimi nilidhani ni dereva mwenzake, wale wa bandarini huonana na kila aina ya watu. Wewe unamfahamu?

Kuhusu haramu, nimeelewa, na Mwalimu wa madrasa nilimuuliza kwa kuzungukazunguka nikajifanya swali la shoga yangu, naye akanijibu vile vile kama wewe. Hilo ni langu na Mola wangu. Kwako sikuja kuomba ruhusa, nimekuja kuomba maana. Julai inakaribia na fundi wa Sinza anataka mchoro. Nakuomba sana, safari hii anza na alama, kuta zije mwisho.

Mpwa wako msumbufu,
Najma


Guangzhou
9 Juni 2024

Mpwa wangu Najma,

Marahaba. Wasalimie wote, Mama na Dada Hafidha. Mimi mzima.

Nimeanza na alama kama ulivyotaka. Nimempelekea mwalimu wa chuo kikuu hapa, mtu mzima wa miwani, amefundisha lugha yao miaka mingi. Ameisoma mara moja tu. Maana yake ni hii: mtu asiyerudi nyuma akishaanza safari.

Basi. Ni maana nzuri, marehemu hakukosea. Na kwa kuwa sasa unaijua, sioni haja tena ya sindano. Iweke moyoni. Huko haifutiki na wala haina dhambi.

Kuhusu hitma ya mwaka Novemba, mwambie Mama nisisubiriwe. Viza imekuwa na mambo mengi mwaka huu. Nitatuma mchango wa shughuli.

Niwie radhi kwa ufupi, kontena linafungwa leo.

Mjomba wako,
Bwanaheri


Bagamoyo
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Huku sote wazima. Bibi nimemwambia habari ya viza. Akaomba maji. Baadaye akamuuliza Mama kama kuna mtu aliyekuudhi siku za msiba, maana uliondoka siku ya nne na hukuaga vizuri. Mama kamwambia hapana. Mimi nilikuwa nawasha mkaa hapo nje, nikasikia.

Nikueleze mambo mawili, na nitakueleza kwa utaratibu kwa sababu mimi mwenyewe nimeyapanga siku nne kabla ya kushika kalamu.

La kwanza. Nilipoifungua barua yako nilifurahi mpaka nikalia. "Mtu asiyerudi nyuma akishaanza safari." Ndivyo Khamis alivyoniambia, neno kwa neno, tumekaa barazani, kapandisha mkono wa fulana ananionesha. Siku ile ile nikajichora begani kwa piko, nione itakavyokaa. Ikakaa vizuri. Nimelala nayo usiku mmoja nina raha. Asubuhi nikaisoma barua tena ndipo nikashtuka. Simu imenipa majibu matatu. Yule msimamizi alicheka. Wewe na huyo mwalimu wako wa miwani mmetoa maneno matano ambayo Khamis aliyasema, yale yale, kwa mpangilio ule ule. Na mimi sikukwambia Khamis alisema nini. Katika barua mbili nimekuficha kwa makusudi.

Nikajisemea labda marehemu alimwambia mwenyewe. Inawezekana. Lakini kama alikwambia, si ungeandika tu kwamba alikwambia? Huyo mwalimu wa nini?

La pili. Jumanne nilikwenda dukani kwa Kuruthumu kuchukua vikombe vya shughuli ya watu. Mzigo mpya ulikuwa umefika, maboksi mpaka mlangoni. Nikainama kutafuta vikombe, nikaiona. Alama ya Khamis. Imeandikwa kwa wino mweusi mzito, kubwa kama uso wangu, kwenye boksi la poti za watoto. Nikafikiri macho. Nikapandisha mkono wa dera nikalinganisha na piko ya begani. Pembe mbili, mistari, kijisanduku. Nikageuza boksi la pili, la ndoo, nayo imo. La tatu, sahani za melamini. Nilihesabu kumi na moja, na si ya Kuruthumu tu, mengine yalikuwa ya watu wa Pangani wanaochangia naye kontena. Nikamuuliza hii nini. Akasema za ghalani hizo, Wachina huandika wenyewe, yeye hajui na hajali ilimradi mzigo ufike.

Sijamuuliza mtu mwingine. Kariakoo wamejaa wanaokisoma Kichina, ningepanda gari asubuhi mchana nina jibu. Sitaki kulipata huko. Fundi wa Sinza nimemwambia asubiri, tarehe ishirini na saba haipo tena.

Nalitaka kwako. Sikasiriki bado, nasubiri kwanza nijue nakasirikia nini.

Najma


Guangzhou
25 Agosti 2024

Najma mwanangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama na kwa Dada. Barua hii nimeianza mara nne. Ya kwanza ilikuwa ndefu, inaeleza mvua. Nimeichana.

Ni mimi. Mtu anayeijua China ni mimi.

Ilikuwa Agosti, mwaka elfu mbili na kumi na sita, likizo yangu ya kwanza. Kontena lilifika, mimi na Khamis tukawa tunashusha maboksi yangu pale uani kwenu. Alikuwa na miaka kumi na tisa, hajapata leseni hata ya pikipiki. Akaniuliza hii alama iliyoandikwa kila boksi ni nini. Sikujua, Najma. Nilikuwa na mwaka mmoja huku, Kichina changu kilikuwa cha kununulia wali. Lakini mtaani nilishakuwa "Mchina". Watoto walinifuata niseme neno, wazee wananiuliza Wachina wanaishije, na mimi najibu kila swali. Na Khamis ndiye aliyekuwa akinitazama kuliko wote. Ningemwambia tu sijui. Nikamwambia hiyo ni alama yangu, Wachina hawampi mtu hivi hivi mpaka wamjaribu, na maana yake ni mtu asiyerudi nyuma akishaanza safari. Lilitoka tu mdomoni. Mpaka leo sijui nililitoa wapi.

Nilisahau siku ile ile. Mwaka uliofuata alikuja kunipokea uwanja wa ndege, akapandisha mkono wa fulana. Akasema, "Mjomba, na mimi nimo." Nikaiangalia nikamwambia imekaa vizuri.

Nilikuja kujua maana mwaka elfu mbili na kumi na nane, ghalani, kwa dada mmoja anayepanga mizigo. Nilimuuliza kwa mzaha. Akanionesha. Mzigo ukifika wanaugawa makundi mawili. Ule wenye betri, wenye majimaji, wenye kuweza kuwaka, unaandikwa alama moja. Ule usio na neno unaandikwa hii.

Safari hii, baada ya barua yako, nimeuliza kweli. Watu watatu, kila mmoja peke yake, bila kuwaambia mwenziwe kasema nini, kama ulivyonifundisha. Huyo dada wa ghalani, mwenye nyumba wangu, na kweli mwalimu, si wa chuo kikuu, wa shule ya msingi. Wote wamesema sawa. Likiwa peke yake ni "ya kawaida", au "ya watu wote". Kwenye boksi ni kifupi cha mzigo wa kawaida. Usiohitaji uangalizi. Nimekuandikia kama nilivyoambiwa, sikuongeza wala kupunguza.

Kila likizo nilisema nitamwambia. Nimekuja mara tatu baada ya kujua. Mara ya kwanza alikuwa kapata gari lake la kwanza, sikutaka kumharibia. Mara ya pili niliona muda umepita mno. Mara ya tatu ni ile ya mwaka jana, na siku ya tisa ikaja simu kutoka Vigwaza.

Tulipomwosha, Mwalimu Mohamedi alishika upande wa kulia, mimi nikapewa kushoto. Nimelimwagia bega lile maji mara tatu kama inavyotakiwa, na mara zote tatu nimelisoma. Sasa nilijua kusoma. Muoshaji haruhusiwi kusema alichokiona kwa maiti, unajua, ni adabu yetu na ni sitara. Mimi nilijificha ndani ya adabu hiyo. Nilijiambia siruhusiwi kusema, kumbe nilichotakiwa kusema hakikuwa aibu yake, kilikuwa changu.

Ndiyo sababu niliondoka siku ya nne. Viza haina tatizo lolote.

Kuhusu bega lako sina tena mdomo wa kukukataza. Ujue tu maana yake, kama ulivyotaka. Nisamehe, mwanangu, ukiweza.

Bwanaheri


Bagamoyo
Jumapili, 22 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Bibi mguu umepona, sasa ni bega, na dawa ya simba imekwisha. Mama amekubali kukishona kile kitambaa cha pili.

Barua yako niliisomea chooni, mahali pekee nyumba hii mtu hafuatwi. Nimekaa humo mpaka Mama akagonga akauliza kama nimekula kitu kibaya.

Sitajichora. Nimemwambia fundi wa Sinza tusahau. Usifikiri ni kwa sababu ya maana yake. Mzigo wa kawaida nimeupenda, kusema kweli, hata ningeuvaa ungenifaa kuliko hiyo habari ya kutorudi nyuma, maana mimi hurudi nyuma kila siku kuangalia kama nimezima jiko. Nimeacha kwa sababu nilitaka kitu ambacho kaka yangu alikiamini. Kumbe hakuwa akiiamini alama, alikuwa akikuamini wewe. Hilo fundi wa Sinza hawezi kunichora.

Hasira zimekuja, kama nilivyokwambia zinasubiri. Lakini zimekuja mahali nisipozitegemea. Kwamba ulisema uongo siku ile uani, hilo nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa. Mtu yeyote wa mtaa huu angefanya hivyo, hatujui kusema sijui. Nisichoweza kukusamehe ni miaka mitano ya kujua na kunyamaza, na nitakwambia kwa nini.

Khamis angecheka. Wewe ulikuwa ukiogopa atavunjika moyo, hukumjua. Mimi nimelala naye chumba kimoja miaka kumi na minne. Ungemwambia, "Baba, umeandikwa mzigo wa kawaida," angekaa chini kwa kicheko. Angepandisha mkono wa fulana pale mizani ya malori Vigwaza amwoneshe kila askari, awaambie nipitisheni, mimi sina betri wala majimaji. Angeniamsha anieleze. Angekutania wewe mpaka uzeeni, na wewe ungekasirika, na Bibi angelia machozi kwa kucheka. Tungekuwa na kicheko hicho sote. Alikuwa na haki nacho, ukamnyima, na sisi pia. Nimelia kwa hilo kuliko nilivyolia msibani.

Bibi na Mama sijawaambia kitu. Bibi ameniuliza kama najua kwa nini huji. Nimemwambia najua, na kwamba atakuja kuelezwa na mwenyewe. Akasema, "Basi na aje." Hajauliza tena.

Ijumaa iliyopita nilikwenda kaburini. Nilikuwa nimeshajipanga njia nzima, nimwambie Khamis maana yake, nimchekeshe. Nikachuchumaa, nikasoma Yasini, nikang'oa majani. Nikafungua mdomo. Halafu nikaona hapana, hili si langu kusema.

Sitaki kukugombeza kwa barua, kwenye mkoba wa Kuruthumu, pamoja na sampuli za sahani. Hitma ni Jumapili, tarehe kumi na saba Novemba. Njoo nikugombeze uso kwa uso, ukimaliza kugombezwa na mimi utagombezwa na Bibi, kisha nitakusindikiza makaburini. Nitasimama mbali kidogo, mfanye mazungumzo yenu.

Khamis bado hajaambiwa, Mjomba.

Najma